Kidole gumba cha kambo na kile kifungo chekundu

Bandugu, ilikuwa mwezi wa kumi, na mwenye anaijua Lubumbashi anajua vile jua la mwezi wa kumi linapiga. Yaya yangu aliingia sokoni kununua unga, akaacha kambo yetu ndani ya motokari pamoja na mtoto, milango wazi. Mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amefungwa mu kiti chake cha watoto, kile kilichokuja pamoja na motokari toka Japani kupitia Dar es Salaam. Mara mtoto akaanza kutapika, kichwa kimelala nyuma.

Kambo akabonyeza kifungo chekundu. Kikakataa. Akaweka vidole gumba viwili, kikakataa tena. Akaita watu. Kijana mmoja muuza kredi ya simu alikuja mbio na wembe, akakata mikaba miwili, mtoto akatoka. Alikuwa mzima, Mungu asifiwe. Lakini kiti kilikufa ile siku ile ile, juu mukaba uliokatwa haushonwi tena. Na tangu hapo mtoto anasafiri juu ya magoti ya kambo.

Mimi nilisoma agronomia, si mekanika. Lakini swali lilinikamata: nani aliamua kwamba kile kifungo kiwe kigumu vile? Nilidhani ni uzee tu wa kiti. Kumbe kuna watu waliokaa wakaandika namba.

Turudi nyuma kidogo. Viti vya kwanza vya watoto mu motokari, kule Marekani miaka ya 1930, havikuwa vya kulinda mtu. Vilikuwa vya kuinua mtoto ili aone nje, na mzazi amuone bila kugeuka. Hakuna aliyelia juu ya kifungo, juu hakukuwa na kitu cha kumshika mtoto kwa nguvu. Mwaka 1959 Nils Bohlin wa Volvo alileta mukaba wa watu wakubwa wenye kushika mahali patatu. Mwaka 1962 Leonard Rivkin kule Denver na Jean Ames kule Uingereza, kila mmoja upande wake, wakatengeneza viti vya kumlinda mtoto wakati wa ajali. Miaka michache baadaye Bertil Aldman wa Sweden aliwaza kiti kinachotazama nyuma, baada ya kuona vile wanaanga wa Gemini walivyolala mu viti vyao.

Sheria ilifika polepole. Marekani iliandika kanuni yake ya kwanza ya viti hivi mwaka 1971, lakini haikudai hata kiti kimoja kijaribiwe kwa mgongano. Ilibidi kungoja tarehe 1 Januari 1981 ndipo kila aina ya kiti ijaribiwe kwa mgongano wa mwendo wa kilometa 48 kwa saa, na mtoto wa bandia amekaa ndani.

Hapo katikati kuna habari ya Tennessee, na mimi naipenda sana kuliko zote. Daktari mmoja wa watoto wa Murfreesboro, Robert Sanders, alipigania sheria ya kulazimisha wazazi wafunge watoto wa chini ya miaka 4. Ilipita mwaka 1977, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1978, ya kwanza mu Marekani nzima. Lakini wabunge waliingiza kifungu kidogo: mtoto anaweza kubebwa mu mikono ya mtu mkubwa, basi. Waliopinga kifungu hicho walikipa jina baya, yaani kifungu cha kusaga watoto. Kwa nini kusaga? Fanya hesabu, hata kwa bic na karatasi. Motokari inayokwenda kilometa 50 kwa saa ikisimama ghafla ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta mbele kama mzigo wa kilo 140 hivi. Ni karibu mifuko mitatu ya mahindi ya kilo 50. Hakuna mama anayeshika hiyo. Na kama mama mwenyewe hakufunga mukaba, kilo zake zote zinamfuata mtoto nyuma. Kifungu kile kiliondolewa mwaka 1981.

Nilipofika hapo niliacha kusoma kwanza. Kambo na mtoto juu ya magoti: sisi, nyumbani kwetu, tulikuwa tumerudi Tennessee ya 1978, na sababu ni kifungo kimoja chekundu.

Sasa namba. Kanuni ile ya 1981 ilisema kifungo kisifunguke kwa nguvu ya chini ya paundi 12, na kifunguke kabla ya paundi 20. Namba ya chini ni ya mtoto: asijifungue mwenyewe motokari ikitembea, na wale wenye miaka mitatu mnawajua, hawana jambo lingine la kufanya kule nyuma. Namba ya juu ni ya mzazi. Lakini paundi 20 ni kama kilo 9, na vidole vingi vya wazazi vilishindwa. Mwaka 1985 wakashusha: toka 9 mpaka 14, yaani nyutoni 40 mpaka 62. Ulaya walichukua 40 mpaka 80. Kwa lugha ya jikoni, kubonyeza nyutoni 49 ni kama kuzuia bidoni ya maji ya litri 5 isianguke, na kidole gumba kimoja tu, huku umeinama mlangoni na mtoto analia.

Angalieni basi namba hizo zinaongea na nani. Zimewekwa katikati ya kidole cha mtoto na kidole cha mtu mkubwa mwenye afya. Kambo hayuko pale katikati. Yeye amepukuchua mahindi kwa kidole gumba tangu msichana. Amelima mihogo, amefua, amesonga bukari ya watu kumi. Kidole chake kimevimba pale chini, na asubuhi hakikunji. Nguvu yake na ya mtoto wa miaka mitatu ziko karibu sawa, na kifungo hakiwezi kujua nani ni nani.

Njo maana mu miaka ya 2010, kule Marekani, vikaanza kuuzwa vyombo vidogo vya plastiki vya kufungua hivyo vifungo. Kinachojulikana zaidi kinaitwa UnbuckleMe. Kilitoka kwa mama na binti yake. Mama alikuwa na kazi ya kusaidia wagonjwa warudie shughuli za kila siku, kama kuvaa na kupika, na yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa viungo mu kidole gumba. Hakuweza kumtoa mjukuu mu kiti. Chombo chao kimepinda kama koleo fupi: unakivisha juu ya kifungo, unakamua kwa kiganja chote, na nundu ya ndani inabonyeza ile sehemu nyekundu. Watengenezaji wanasema kinapunguza nguvu kwa nusu. Ni wenzo tu, ule tuliofundishwa mu fizikia ya sekondari.

Niliposoma hayo nikacheka peke yangu. Juu sisi wa agronomia tunakijua chombo hicho kwa jina lingine: ile pete ya chuma au ya mti ya kupukuchulia mahindi, yenye meno ndani. Unaingiza gunzi, unazungusha kwa mkono wote, kidole gumba kinapumzika. Tulikipeleka vijijini wakati wa stage. Na kambo hakuwahi kupewa hata kimoja.

Nilipomwelezea yaya, aliuliza bei ya hicho chombo na usafiri wake mpaka huku, akanyamaza. Basi tulianza na vya bure. Kwanza unasukuma mtoto nyuma kidogo ili mukaba ulegee, kisha unabonyeza. Pili, kifungo kinasafishwa kwa maji ya vuguvugu, bila mafuta. Nilipoosha kile cha kiti kilichokufa, kilitoa biskuti na sukari ya jusi ya miaka, na kikaanza kufunguka. Iliniuma.

Jumamosi tulienda kutafuta kiti kingine. Muuzaji alikuwa navyo vitatu, vyote vya okazyo. Mimi nikaviinua kusoma tarehe iliyoandikwa mu plastiki chini, yaya akaanza kubishana bei. Kambo akatusogeza wote wawili pembeni.

"Mungoje kwanza. Mimi njo nitamutoaka mutoto."

Akafunga cha kwanza, akabonyeza, akatikisa kichwa. Cha pili pia. Cha tatu kikalia *tak*. Akakifunga tena, akakifungua tena, mara nne, halafu akamwangalia muuzaji.

"Hii. Sasa tuambie bei."