Uzee na Sukari ya Damu

Uzee huja na hali ya mwili kupungukiwa, kadiri umri unavyosonga, na uwezo wa kuidhibiti sukari iliyomo katika damu. Kongosho, ambayo ujanani humimina insulini, homoni ya kuishusha sukari, mara tu chakula kiingiapo tumboni, huanza kuchelewa. Na misuli, iliyo ghala kuu la sukari hiyo, hupungua ilhali mafuta ya tumboni yanazidi, hata amri ya insulini ikawa haitiiwi kama zamani. Kwa sababu hiyo kipimo cha asubuhi kabla ya kula hupanda kidogo tu, bali kile cha saa mbili baada ya mlo hupanda zaidi.

Hata hivyo kisukari chenyewe kilikuwa nadra vijijini: uchunguzi wa daktari Donald McLarty na wenzake, uliotangazwa mwaka 1989, ulipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, baadhi yake vya Kilimanjaro, na waliokutwa na kisukari hawakufika 1 katika 100.

Kijijini kazi yenyewe ni kinga: mzee wa Machame, kando ya Mlima Kilimanjaro, apandaye mteremko na mzigo wa majani ya ng'ombe huitumikisha misuli yake pasipo kukusudia tiba. Akihamia Moshi mjini kwa wanawe, akashinda barazani na chai ya sukari, kinga hiyo humtoka. Mtori, supu ya ndizi na nyama, hulaumiwa bure. Lawama ni ya ukubwa wa bakuli. Hatari iliyo dhahiri ni mbege, pombe ya ndizi, juu ya vidonge vya kushusha sukari, tena kabla ya kula: pombe hulizuia ini lisitoe sukari, sukari ya damu hushuka mno, mzee huanguka, na majirani humdhania kalewa.