Mikono ya Sam

Nimepiga kinanda cha kwaya tangu nikiwa kidato cha pili, kwa hiyo nikitazama filamu yenye mpiga piano huwa siangalii uso. Naangalia mikono. Ndivyo nilivyomtilia shaka Sam, mwimbaji wa baa katika filamu ya Casablanca. Piano yake imekaa kwa namna inayoficha vidole, lakini mabega na viwiko vinaonekana, na viwiko havidanganyi. Vilikuwa vinakwenda huku, muziki unakwenda kule.

“Huyu bwana hapigi,” nilimwambia rafiki yangu.

“Nyamaza tutazame,” akanijibu.

Nilinyamaza, lakini usiku ule sikulala kabla ya kumtafuta. Nilikuwa sahihi. Dooley Wilson, aliyeigiza kama Sam, hakujua kupiga piano. Alikuwa mpiga ngoma. Piano tunayoisikia ilipigwa na mwanamuziki mwingine mweusi, Elliot Carpenter, aliyewekwa pembeni, nje ya picha, mahali ambapo Wilson aliweza kumwona na kuiga mwendo wa mikono yake. Nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi. Kisha nikaendelea kusoma, na furaha ile ikaniisha polepole.

Alizaliwa Tyler, Texas, mwaka 1886, akaitwa Arthur Wilson. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka saba, na mwaka huohuo akaanza kuimba makanisani ili apate riziki. Alipofika miaka minane alikuwa akiimba kwenye maonyesho ya mahemani. Mimi nilianza kuimba kanisani kwa sababu mama alitaka nisizurure Jumamosi. Yeye aliimba ili nyumbani wale.

Mwaka 1908 alikuwa Chicago, kwenye ukumbi wa Pekin, mojawapo ya kumbi za kwanza za maigizo nchini Marekani kumilikiwa na mtu mweusi. Hapo ndipo alipopata jina la Dooley, na kisa chake ni cha ajabu. Zama zile waigizaji weupe walijipaka masizi usoni wakawadhihaki watu weusi, na kumbi zilijaa. Wilson aligeuza mchezo: alijipaka rangi nyeupe, akaimba wimbo wa Kiayalandi uitwao “Mr. Dooley”. Watazamaji walicheka, na jina likamganda maisha yake yote.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alivuka bahari. Miaka ya 1920 aliizunguka Ulaya na bendi yake, Red Devils, akiimba na kupiga ngoma katika vilabu vya Paris na London. Aliporudi Marekani, mdororo wa uchumi ulikuwa umefunga kumbi nyingi. Kilichomwokoa ni mpango wa serikali wa kuwaajiri wasanii, Federal Theatre Project, ulioanza mwaka 1935. Kitengo cha weusi cha mpango huo, Harlem, kiliongozwa na John Houseman akishirikiana na kijana mmoja aitwaye Orson Welles. Wilson akapata jukwaa tena, akiwa na umri unaokaribia hamsini.

Mwaka 1940 mlango ukafunguka wote. Alipewa nafasi ya Little Joe katika Cabin in the Sky, tamthilia ya muziki ya Broadway, mkabala na Ethel Waters. Hakuwa msindikizaji humo. Alikuwa mhusika mkuu wa kiume, mtu mwenye dhambi, mke na roho inayogombaniwa. Hollywood ikamwona, Paramount wakamsainisha mkataba, kisha wakampa kazi ya mhudumu wa treni katika filamu ya Bob Hope. Mtu aliyebeba tamthilia nzima Broadway sasa alibeba mizigo ya abiria.

Paramount walimwazima kwa Warner Bros. kwa dola 500 kwa wiki. Humphrey Bogart alilipwa zaidi ya dola 36,000 kwa filamu hiyo, na Ingrid Bergman dola 25,000. Hata nafasi yenyewe Wilson aliipata kwa kuponea. Mtayarishaji Hal Wallis alifikiria kwanza kumgeuza Sam awe mwanamke. Majina ya Lena Horne na Ella Fitzgerald yalitajwa. Baadaye aliwaza hata kumwingizia Wilson sauti ya mtu mwingine katika nyimbo. Fikiria: mwigizaji ambaye mikono si yake, na sauti nayo isiwe yake. Bahati nzuri sauti iliachwa. Upigaji picha ulianza Mei 1942, huko Burbank, California. Casablanca ya Afrika haimo hata kwa futi moja.

Kuna neno moja katika filamu hiyo ambalo mara ya kwanza lilinipita. Ilsa, mhusika wa Bergman, anapoingia kwenye baa anamwona Sam, na anamuulizia kwa kapteni wa polisi. Hamwiti mtu, wala mwanamuziki. Anamwita “boi”. Bergman alikuwa na miaka 26. Wilson alikuwa na 56.

Neno hilo tunalo katika Kiswahili. Babu yangu mzaa mama alikuwa boi katika nyumba ya mzungu mwenye shamba la kahawa, chini ya Mlima Meru. Bibi alilitaja bila uchungu, kama mtu anavyosema fundi au dereva: “Babu yako alikuwa boi, alijua kupiga pasi kuliko mwanamke yeyote.” Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba jina la kazi ya babu lilikuwa “mvulana”. Alikuwa na watoto wanne na mvi kichwani. Kijijini aliamkiwa shikamoo. Akivuka geti la shamba, umri wake ulibaki nje pamoja na viatu.

Ndiyo maana nilirudi kuitazama filamu, na safari hii nilisahau viwiko. Niliangalia vitu ambavyo Wilson anavifanya kati ya maneno. Ilsa anapoomba wimbo wa zamani, “As Time Goes By”, Sam anasingizia kwamba ameusahau. Anajua wimbo ule utamuumiza tajiri wake, Rick. Uso wake unakataa kabla mdomo haujakataa, kisha unakubali kwa huzuni. Sam ndiye pekee katika baa ile anayejua yaliyotokea Paris. Wengine wote wanabahatisha. Anajua yeye, na wimbo. Lakini filamu inapofika uwanja wa ndege, pale penye ukungu na maamuzi makubwa, Sam hayupo. Ameachwa kwenye baa iliyouzwa, na hatima yake imepangwa kwa asilimia wakati Rick akimalizana na mnunuzi.

Casablanca ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora. Wimbo uliotungwa na Herman Hupfeld mwaka 1931 ukafufuka, na kila mtu akataka sahani yake. Hapo bahati ikamgeuka Wilson tena. Tangu Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kilikuwa kwenye mgomo wa kurekodi, kwa hiyo hakuweza kuingia studio kuurekodi wakati wimbo uko moto. Kampuni zilitoa upya rekodi ya zamani ya Rudy Vallee, nayo ikauzwa sana. Na Cabin in the Sky ilipofanywa filamu mwaka 1943, nafasi ya Little Joe, nafasi yake, alipewa Eddie Anderson, aliyekuwa maarufu zaidi redioni.

Hakukaa chini kulia. Mwaka uleule alionekana katika Stormy Weather, na mwaka 1944 alirudi Broadway katika Bloomer Girl, akiigiza mtumwa anayetoroka. Alihudumu pia katika uongozi wa chama cha waigizaji weusi. Kazi yake ya mwisho inayojulikana ilikuwa kwenye televisheni, katika vichekesho vya Beulah. Alifariki Los Angeles tarehe 30 Mei 1953. Miezi kama miwili kabla, vyama viwili vya wanamuziki wa jiji hilo, cha weupe na cha weusi, vilikuwa vimeunganishwa. Miongoni mwa waliopigania muungano huo alikuwa Elliot Carpenter, mwenye ile mikono.

Mwaka 2014 piano ya baa ya Rick iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 3.4. Niliposoma hivyo nilijaribu kukumbuka kama kuna kitu chochote cha babu kilichobaki. Kipo kimoja: pasi ya mkaa, kwa mjomba, inayozuia mlango usigongwe na upepo.

Rafiki yangu bado anapenda kunitania kwamba mimi ndiye niliyemfichua yule mpiga piano wa uongo. Siku hizi namsahihisha. Viwiko vile, ukivitazama kama vya mpiga ngoma, havikosei hata mara moja: vinashika mapigo ya wimbo mwanzo hadi mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta noti. Na akisema “yule Sam”, namwambia ana jina lake, na kwa umri aliokuwa nao ni mzee. Mzee Dooley Wilson.