Ushindi wa uwanja mtupu

Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuzungumzie ugonjwa ambao siasa zetu zimeuugua kwa miaka mingi. Chama kikubwa huona kwamba kusikiliza ni kushindwa. Chama kidogo nacho huona kwamba kukubaliana ni kununuliwa. Katikati yao amekaa mwananchi, anasubiri.

Mimi ni mtu wa Zagayu, Itilima, katika mkoa wa Simiyu. Kabla ya mwaka 2012 tulikuwa wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Huko kwetu Usukumani ushindani haukuletwa na vyama vingi. Tangu zamani wazee wetu waligawanyika katika vyama viwili vya ngoma, Wagalu na Wagika. Baada ya mavuno makundi hayo huingia uwanjani, kila moja na manju wake na mbinu zake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna anayeshinda kwa kupasua ngoma ya mwenzake. Na kundi moja likiondoka, lile linalobaki halina la kujivunia, maana limecheza peke yake.

Nchi hii iliwahi kulifahamu jambo hilo vizuri. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iulize wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kwa hesabu ya mabavu, mjadala ungeishia hapo. Lakini Tume ilipendekeza vyama vingi, na chama tawala, chenye wingi wote mkononi, kikakubali. Sheria ikaanza kutumika Julai 1992. Wengi waliwapisha wachache, na nchi haikubomoka.

Sisi wa Bariadi tuliitumia nafasi hiyo. Katika uchaguzi wa mwaka 1995 chama cha UDP cha Bwana John Cheyo, ambaye watu walimwita Bwana Mapesa, kilipata viti 3 vya majimbo kati ya 232. Baadaye jimbo la Bariadi Mashariki lilimpeleka Bungeni Bwana Cheyo mwenyewe, na mwaka 2010 likamrudisha tena. Jirani yake wa Bariadi Magharibi alikuwa Bwana Andrew Chenge wa CCM, Mwanasheria Mkuu wa Serikali wa zamani. Wilaya moja, wabunge wawili, vyama viwili. Mpiga kura wa Bariadi hakuona ajabu.

Ajabu ilikuja mwaka 2014. Bunge Maalum la Katiba lilianza Dodoma mwezi Februari. Mezani palikuwa na Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyopendekeza serikali tatu. CCM ikashikilia mbili. Badala ya hoja kujibiwa kwa hoja, zikaingia kejeli na matusi. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, yaani CUF, CHADEMA na NCCR-Mageuzi, wakatoka nje. Waliobaki wakarudi mwezi Agosti na kuendelea bila wenzao.

Hapo ndipo watu wawili wa Bariadi walipoonekana kila mmoja na njia yake. Bwana Chenge alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uandishi, na kazi yake ilifika mwisho. Tarehe 2 Oktoba kura zilihesabiwa, theluthi mbili ya kila upande wa Muungano ikatangazwa kupatikana, wajumbe wakashangilia. Bwana Cheyo, akiwa Mwenyekiti wa Kituo cha Demokrasia, alikuwa mwezi Septemba amewapeleka viongozi wa vyama kwa Rais Jakaya Kikwete. Wakaelewana kwamba kura ya maoni isubiri hadi baada ya uchaguzi wa 2015, na kwamba Katiba ya 1977 irekebishwe katika mambo machache, likiwamo la tume huru ya uchaguzi.

Je, nani alishinda? Hakuna. Serikali ilipanga kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015, kinyume cha maelewano yale. Ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na haikupigwa wala mwaka ule wala miaka iliyofuata. Marekebisho yale machache nayo hayakufanyika kabla ya uchaguzi ule. Katiba iliyoshangiliwa ikabaki kabatini, na maelewano yaliyosifiwa yakabaki maneno. Waliotoka nje hawakupata serikali tatu, na waliobaki ndani hawakupata Katiba.

Sasa tutazame Zanzibar, ambako ugomvi ulikuwa mkali zaidi, hata damu ikamwagika Januari 2001. Muafaka wa kwanza wa CCM na CUF ulitiwa saini mwaka 1999, ukafa. Wa pili ulitiwa saini Oktoba 2001, nao ukachechemea. Yote miwili ilikuwa mali ya viongozi. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, na safari hii jambo lilipelekwa kwa wananchi. Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66 walisema ndiyo, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaingia katika Katiba ya Zanzibar.

Haikuondoa matatizo. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, na CUF ikasusia ule wa marudio wa Machi 2016. Lakini mlango ulikuwa umeandikwa katika Katiba. Ndiyo maana Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wenye machungu na vifo, Maalim Seif aliweza kuingia tena, sasa kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, kama Makamu wa Kwanza wa Rais. Alifariki Februari 2021, na kiti hakikufa naye.

Funzo ni hilo, ndugu msomaji. Mapatano ya chai Ikulu huisha chai inapoisha. Mapatano yanayopelekwa kwa wananchi na kuandikwa katika sheria huwa na uhai hata waliopatana wakigombana tena. Kwa hiyo kiongozi yeyote, wa chama tawala au wa upinzani, akija kutuambia kwamba mazungumzo yamekwenda vizuri, tusikimbilie kupiga makofi. Tumwulize maswali mawili tu: yameandikwa wapi, na sisi tutayapigia kura lini?