Fedha Ilipotolewa Ndani ya Fedha

Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa madini meupe anayofua sonara na kwa kile tunacholipia nauli. Lugha haikukosea. Kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja, na shilingi ya Mwingereza ilikuwa shilingi kwa sababu ya kilichokuwa ndani yake. Wanaokusanya sarafu kuukuu za Uingereza wanaujua mwaka vilipotengana: 1920. Huzipanga sarafu zao za fedha katika mafungu matatu, za kabla ya 1920, za 1920 hadi 1946, na za 1947 kuendelea, wala hawapangi kwa sura ya mfalme bali kwa kiasi cha madini. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa tamaa ya vito kwa jina la historia. Mimi naiona kuwa utunzaji wa ushahidi, kwa sababu sarafu hueleza serikali ilivyoitendea mali ya watu wake, na humweleza hivyo hata yule asiyeingia kwenye nyaraka za Bunge.

Tuanze na mfalme aliyefanya jambo hili kwa siri. Henry VIII alipoishiwa kwa vita na anasa, kuanzia miaka ya 1540 alichakachua sarafu zake kwa shaba hadi fedha ikabaki theluthi moja tu. Chini ya mwanawe, Edward VI, ziko zilizopigwa mwaka 1551 zikiwa na robo tu ya fedha. Uso wa sarafu ulipakwa weupe, lakini pua ya Henry ilikuwa imechomoza kwenye picha, kwa hiyo ndiyo iliyosuguliwa kwanza mikononi mwa watu na wekundu wa shaba ukajitokeza. Wananchi wakamwita mzee Pua ya Shaba. Elizabeth I alizikusanya sarafu hizo mbovu mwaka 1560 na 1561, akarudisha kipimo cha zamani cha sehemu 925 za fedha safi katika 1,000, na kipimo hicho kikadumu, ukiacha miaka michache ya kuyumba, hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka 1920 hakukuwa na siri. Bunge lilipitisha sheria mchana kweupe ya kupunguza fedha kutoka sehemu 925 hadi 500, na wapo wanaosema serikali haikuwa na njia nyingine. Hoja yao ina uzito. Aunsi moja ya fedha ya kiwango cha 925 ilitoa sarafu za thamani ya peni 66, lakini Februari 1920 bei ya fedha sokoni London ilifika peni 89 na nusu. Mtu angeweza kuyeyusha shilingi akapata zaidi ya shilingi, na nchi ingeishiwa sarafu za kutumia. Hadi hapo naikubali hoja hiyo. Inaposhindwa ni hapa: kabla mwaka mmoja na nusu haujapita tangu kilele hicho, bei ilikuwa imeporomoka chini ya nusu yake, na fedha iliyotolewa haikurudishwa. Dharura ilipita, punguzo likabaki. Ndiyo sababu mkusanyaji anayeweka shilingi ya 1919 kando ya shilingi ya 1921 ana kitu cha kuonyesha: zote mbili zina uzito wa gramu 5.66, lakini ya kwanza ina gramu 5.23 za fedha safi na ya pili ina 2.83.

Kwetu Afrika Mashariki mkono huo ulikuwa mzito zaidi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwishoni mwa 1919, ilitoa shilingi yenye simba mbele ya milima, ya kwanza ikiwa na tarehe ya 1921, ichukue nafasi ya rupia iliyokuwa na fedha zaidi ya asilimia 90. Shilingi yetu ilikuwa kubwa kuliko ya Uingereza, gramu 7.78, na thamani yake ilikuwa sawa nayo, 20 kwa pauni moja. Lakini ndani yake fedha ilikuwa robo tu, chini ya gramu mbili. Robo hiyo ndiyo kiwango kilekile cha sarafu mbovu za Edward VI, zilizokuwa aibu ya Uingereza. Atasema mtu kwamba Bodi iliahidi kuibadilisha shilingi hiyo kwa pauni, na iliitimiza ahadi. Ni kweli, na mfanyabiashara mwenye akaunti benki hakudhurika. Bali mkulima aliyezoea kuweka akiba kwa kufukia rupia chungani aliambiwa afukie ahadi badala ya madini, na hakuna aliyemuuliza.

Uingereza yenyewe ilimaliza kazi hiyo mwaka 1947. Ilikuwa na deni la aunsi milioni 88 za fedha kwa Marekani tangu wakati wa vita, kwa hiyo sarafu zikaondolewa mikononi mwa watu, na mpya zikapigwa kwa shaba na nikeli. Mwaka huohuo sarafu ndogo ambazo mfalme huwagawia wazee kila Alhamisi kabla ya Pasaka zilirudishiwa sehemu zao 925. Fedha halisi ikabaki kwenye ibada ya kifalme, ikatoweka sokoni.

Wako wanaouliza kwa nini Mwafrika athamini vichwa vya wafalme waliomtawala. Swali ni la haki, lakini kuitunza sarafu si kumtukuza aliyechorwa juu yake. Ukiyeyusha shilingi ya 1921 unamfutia mtawala ushahidi. Hasara hiyo imeshatokea: bei ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa aunsi Januari 1980, sarafu nyingi kuukuu ziliishia kwenye tanuri. Basi wewe uliye na shilingi za simba kwenye mkebe wa bibi, usizisugue kwa majivu wala usizipeleke kwa sonara. Tazama mwaka kwanza. Za 1946 na kurudi nyuma zina robo ya fedha. Za 1948 na kuendelea hazina hata chembe.