Jirani Zetu wa Mto Mmoja

Katika jubilei hii tukumbuke pia historia ya maji. Mto Isiukhu unaopita kwetu huingia Nzoia, nao Nzoia hushuka hadi Budalang'i na Ziwa Victoria. Mwaka 2003, na tena 2011, matuta ya kuzuia maji yalipasuka huko, maelfu wakahama. Nyumba ya udongo ikilowa siku kadhaa, ukuta huporomoka. Wanafunzi wanaojitolea huchimba mashimo ya nguzo, hufunga fito na kukandika udongo pamoja na wenye nyumba. Vijana wetu wa kwaya wakiomba nauli ya kwenda, tuwachangie. Sehemu ya maji yaliyobomoa nyumba zile ilipita kwetu kwanza.