Git ilivyowafungua watengeneza programu wa Kampala kutoka kwenye seva za mbali

Jioni ya Januari 13, 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima. Ilirejeshwa Januari 18. Muda wote huo maghala ya msimbo ya mtandaoni kama GitHub, GitLab na Bitbucket hayakufikika kutoka Kampala. Lakini mtengeneza programu mwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kwenye kompyuta yake bado aliweza kuandika msimbo, kurekodi kila badiliko na kufungua matawi mapya. Walioketi ofisi moja waliweza hata kupeana kazi kwa mtandao wa ndani au kwa flashi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1972, Marc Rochkind wa Bell Labs aliunda SCCS, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Zikaja CVS na, mwaka 2000, Subversion. Hizi mbili ziliweka historia yote kwenye seva moja, na bila kuifikia seva hiyo huwezi kurekodi kitu. Kwa Uganda, iliyotegemea setilaiti ghali na za polepole hadi kebo ya SEACOM ilipofika Mombasa mwaka 2009, huo ulikuwa mzigo.

Aprili 2005, waendelezaji wa Linux walinyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyotumia kutunza matoleo ya msimbo wao. Linus Torvalds, muundaji wa Linux, akaanza kuandika Git, na ndani ya siku chache ikawa inatunza msimbo wake yenyewe. Mercurial ilizaliwa mwezi huohuo. Katika zote mbili, kila nakala hubeba historia nzima.

Ndipo maghala ya mtandaoni yakashamiri. GitHub na Bitbucket zilianza mwaka 2008. GitLab, aliyoianzisha Dmitriy Zaporozhets wa Ukraine mwaka 2011, huweza kusimikwa kwenye seva yako mwenyewe. Lakini maghala hubadilika: Google Code ilifungwa mwaka 2016, Microsoft ikainunua GitHub kwa dola bilioni 7.5 mwaka 2018, na Bitbucket, iliyoanza na Mercurial, ikaitupa mwaka 2020.

Uganda ina kazi yake humo. UgandaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioendelezwa na mradi wa METS wa Chuo Kikuu cha Makerere, una msimbo wake GitHub. Umejengwa juu ya OpenMRS, ambayo mizizi yake iko Eldoret, Kenya, na ambayo nayo iliihama Subversion ikaenda Git.

Kwa hiyo swali la kuchagua kati ya GitHub na GitLab ni la pili. Git inakulindia msimbo na historia yake; haikulindii ripoti za kasoro, mijadala na mapitio ya wenzako, ambavyo hukaa kwenye ghala. Ofisi za Kampala zichague ghala lolote linalozifaa, ila ziweke nakala ya vyote hivyo kwenye seva iliyo ndani ya jengo lao.