Majibu ya damu huharibika kabla ya kufika kwenye mashine

Mgonjwa wa Bububu anaweza kutolewa damu kituo cha jirani, kisha sampuli ikapelekwa maabara ya mjini, kilomita kama 10. Majibu yakija kombo, wengi hulaumu mashine. Mara nyingi mashine haina kosa.

Mwaka 1997, Mario Plebani na Paolo Carraro walichapisha uchunguzi wa makosa ya maabara moja ya hospitali mjini Padova, Italia. Asilimia 68 ya makosa yalitokea kabla sampuli haijapimwa. Haya ndiyo ya kuangalia:

Chakula. Kipimo cha sukari ya kufunga kinataka saa 8 bila kula. Maji matupu yanaruhusiwa. Kikombe cha chai ya sukari kinatosha kupotosha majibu. Ramadhani nayo ina mtego wake: aliyekula daku saa 10 alfajiri akapimwa saa 2 asubuhi ana saa 4 tu, ingawa amefunga.

Jina. Kina Fatma Ali na Juma Khamis wako wengi. Kichupa kiandikwe majina matatu, pamoja na tarehe ya kuzaliwa au namba ya mgonjwa, mara tu damu ikitolewa na mwenyewe akiwa bado yupo. Kwenye kipimo cha kundi la damu, vichupa vikibadilishana mtu anaweza kuongezewa damu isiyomfaa, akafa.

Kichupa. Rangi ya kifuniko inaonyesha dawa iliyomo. Zambarau ni cha picha kamili ya damu, kijivu ni cha sukari. Damu ya kichupa cha zambarau ikimiminwa kwenye kingine, potasiamu huonekana juu na kalsiamu chini. Kichupa chenye dawa kigeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Kikitikiswa kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka na potasiamu hupanda kwa uongo.

Joto na muda. Ndani ya kichupa kisicho na dawa ya kuhifadhi sukari, chembe za damu huendelea kuila: hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, na kwenye joto huenda mbio zaidi. Mwenye kisukari anaweza kuambiwa yuko sawa, akarudi nyumbani bila dawa. Mkojo nao ufike maabara ndani ya saa 2, la sivyo uwekwe kwenye friji.

Kabla ya kuinuka kwenye kiti, mgonjwa asione haya kusema: "Daktari, naomba unisomee jina langu hapo kwenye kichupa."